Iqaluit hadi Yellowknife: kilomita 2,262 zinazokula siku nzima

Swali limetoka kwa msomaji wetu, muuguzi Mtanzania aliyepata mkataba wa kazi Iqaluit, kaskazini mwa Kanada. Anasema: "Mdogo wangu anaishi Yellowknife na nataka kwenda kumwona. Tovuti moja inaniambia umbali ni 2,262, nyingine 1,406, ya tatu 1,221. Muda wa kuruka wanasema saa 3 na dakika 20. Lakini nilipotafuta tiketi nimeletewa safari ya saa 19, nashuka Ottawa, nashuka tena Edmonton. Kwenye ramani miji hii imelingana, ni kunyoosha tu kuelekea magharibi. Nani ananidanganya? Na niombe likizo ya siku ngapi?"

Dada, hakuna aliyekudanganya. Namba zote ulizoletewa ni za kweli, ila kila moja inajibu swali lake, na la kwako halijajibiwa na hata moja. Mimi nimefanya kazi ya kupanga safari za ndege, ile kazi ya mtu wa ofisini anayemkabidhi rubani njia, mafuta na hali ya hewa kabla injini hazijawashwa. Nitakuonyesha jinsi safari hii inavyoonekana ikiwa mezani kwetu, halafu tuje kwenye likizo yako.

Zile namba tatu ni umbali mmoja. 2,262 ni kilomita. 1,406 ni maili za nchi kavu. 1,221 ni maili za baharini, kipimo wanachotumia marubani na mabaharia, ambapo maili moja ni mita 1,852. Tovuti nyingi huandika namba kwa herufi kubwa na kipimo kwa herufi ndogo pembeni, basi mtu anabaki na namba tupu. Ukikutana na mfano huo tena, tafuta kipimo kwanza.

Hilo la kunyoosha magharibi ndilo linalopoteza watu wengi. Iqaluit iko kwenye latitudo ya 63.8 kaskazini, Yellowknife kwenye 62.5. Ukiweka rula juu ya ramani ya ukutani, mstari utakwenda magharibi huku ukishuka kidogo kusini. Rubani hafuati mstari huo. Akitoka Iqaluit huelekeza pua ya ndege kwenye digrii 287, na magharibi kamili ni 270. Maana yake anaanza kwa kupanda kaskazini, ilhali mji anaoendea uko kusini kidogo ya alikotoka. Anavuka mlangobahari wa Foxe na kisiwa cha Southampton, anafika karibu na latitudo ya 65, halafu njia inaanza kushuka. Anapita kaskazini kidogo ya kijiji cha Baker Lake, na anapokaribia Yellowknife pua imeelekea digrii 246. Katika njia nzima hajakata kona. Amekwenda moja kwa moja juu ya dunia ya mviringo. Kilichopinda ni ramani.

Kama kuna tufe la dunia kwenye maktaba ya hapo mjini, chukua uzi, shika ncha moja Iqaluit na nyingine Yellowknife, kisha uvute mpaka ukaze. Uzi utapanda wenyewe kaskazini. Njia hiyo tunaiita duara kuu, nayo ndiyo fupi kuliko zote kati ya nukta mbili za dunia. Ukishikilia ule mstari wa rula, ungeruka kilomita 2,312, yaani 50 zaidi. Kwa jeti ni dakika nne hivi, si jambo la kuumiza kichwa. Lakini kadiri safari inavyorefuka na kusogea kaskazini, tofauti hiyo hukua mpaka kuwa mamia ya kilomita, ndiyo maana ndege za kutoka Ulaya kwenda magharibi mwa Marekani hupita juu ya Greenland na Nunavut, jimbo ambalo Iqaluit yako imo. Uwanja wako wa Iqaluit, ambao Wamarekani waliujenga mwaka 1942 kwa ajili ya ndege za vita zilizokuwa zikipelekwa Ulaya, mpaka leo ni kimbilio la ndege kubwa zinazopata hitilafu katika njia hizo. Mwaka 2017 ilitua hapo Boeing 777 iliyokuwa ikitoka Zurich kwenda Los Angeles, baada ya injini moja kuzimika.

Kuna jambo jingine ambalo sisi tuliokulia karibu na ikweta halituingii haraka. Kati ya Iqaluit na Yellowknife kuna digrii 46 za longitudo. Kwenye ikweta, digrii 46 ni karibu kilomita 5,100: unatoka Libreville, unaivuka Kongo yote, Uganda, Kenya, unaipita Kismayu na kuingia mbali ndani ya Bahari ya Hindi. Huko uliko, digrii zilezile zinakupa kilomita 2,262 tu, kwa sababu mistari ya longitudo inazidi kukaribiana ikielekea ncha ya dunia. Kila digrii imebaki na kilomita 50 hivi badala ya 111. Ramani ya kawaida ya ukutani haionyeshi hilo. Huichora mistari hiyo sambamba, na kwenye latitudo yenu hukuza kila kitu zaidi ya mara mbili. Ukitazama ramani ya namna hiyo utadhani mdogo wako yuko mwisho wa dunia. Hayuko mbali hivyo.

Tuje kwenye muda. Zile saa 3 na dakika 20 hazikupigwa na mtu aliyeangalia ratiba yoyote. Tovuti za umbali mara nyingi huchukua kilomita, huzigawa kwa kasi ya jeti ya takriban 800 kwa saa, kisha huongeza nusu saa ya kupaa na kutua. 2,262 ukigawa kwa 800 unapata saa 2 na dakika 50. Ongeza nusu saa, imekuja hesabu yako. Programu hiyo haijui kama siku hiyo kuna ndege, ni ndege ya aina gani, wala upepo unavuma kutoka wapi.

Na upepo si jambo dogo huko. Katika latitudo hizo upepo wa juu kwa kawaida hutoka magharibi kwenda mashariki. Mabaharia wetu wa pwani wangesema ukienda kwa mdogo wako upepo ni wa omo, unakupiga usoni. Ukirudi ni wa tezi, unakusukuma kutoka nyuma. Chukua jeti yenye mwendo wa kilomita 820 kwa saa katika hewa tulivu, na upepo wa kilomita 100 kwa saa. Kwenda, mwendo wako juu ya ardhi unabaki 720, na njia nzima inakuwa saa 3 na dakika 8. Kurudi unapata 920, na njia ileile inakuwa saa 2 na dakika 28. Dakika 40 za tofauti, na rubani hajaongeza wala kupunguza mafuta kwenye injini. Wakati wa baridi upepo huo huweza kuzidi hapo sana.

Ongeza sasa yale yasiyohesabiwa hewani: kutembea kwa magurudumu hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kupanda, kushuka, na wakati wa baridi kunyunyiziwa dawa ya kuyeyusha barafu mbawani, kazi ambayo peke yake huweza kuchukua nusu saa foleni ikiwepo. Muda unaoandikwa kwenye tiketi ni wa kutoka ndege inapoondoka mlangoni hadi inaposimama mlangoni kwingine. Huo daima ni mrefu kuliko muda wa kuwa hewani, na ndio unaopaswa kuufuata.

Hayo yote ni ya jeti. Kaskazini mwa Kanada abiria wengi husafiri pia kwa ATR 42, ndege ya panga boi yenye mwendo wa karibu kilomita 500 kwa saa. Ikiwa imejaa watu haiwezi kuvuka kilomita 2,262 bila kutua. Lazima ishuke njiani, na mahali pa kushukia hapo katikati ni Rankin Inlet, kwenye ufuko wa magharibi wa ghuba ya Hudson. Kutoka Iqaluit hadi Rankin Inlet ni kilomita 1,176. Kutoka hapo hadi Yellowknife ni 1,136. Jumla 2,312. Umeongeza kilomita 50 tu, lakini umetua, umesubiri mizigo ishushwe na mingine ipakiwe, umeweka mafuta, umepaa upya. Hata kwa jeti, njia hiyo ambayo kwenye karatasi ni saa tatu na kitu inakaribia saa tano.

Hapo ndipo mafuta yanapoanza kutawala kila uamuzi. Sheria inamtaka rubani wa jeti awe na mafuta ya kufika anakokwenda, kisha ya kwenda uwanja wa akiba endapo hawezi kutua, na juu yake mengine ya nusu saa. Ukiwa unaenda Dar es Salaam, uwanja wa akiba unaweza kuwa Zanzibar, ng'ambo tu ya mlango wa bahari. Ukiwa unaenda Iqaluit, uwanja wa akiba unaofaa kwa jeti unaweza kuwa Kuujjuaq, kilomita 630 kusini. Ndege inabeba mafuta ya karibu saa nzima ambayo inaomba isiyatumie. Mafuta ni uzito, na uzito huo unachukua nafasi ya kitu kingine, mara nyingi mizigo. Ukifika ukaambiwa sanduku lako litakuja na ndege ya kesho, usidhani limepotea. Inawezekana lilibaki ili ndege iwe na uwezo wa kurudi kama ukungu ungeziba uwanja. Kwa sababu hiyo weka dawa zako, hati zako na koti zito kwenye begi la mkononi. Koti nalisisitiza. Nimeona watu wakishuka katika baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri wakiwa na sweta, koti limekaa kwenye sanduku ambalo halipo.

Tuje kwenye lile lililokushtua, Ottawa na Edmonton. Nimepiga hesabu ya njia hiyo kipande kwa kipande. Iqaluit hadi Ottawa karibu kilomita 2,100. Ottawa hadi Edmonton 2,850. Edmonton hadi Yellowknife 1,020. Jumla inakaribia kilomita 5,970, zaidi ya mara mbili na nusu ya umbali halisi. Ukiwa hewani peke yake ni kama saa tisa, na zilizobaki kwenye zile 19 ni za kukaa viwanjani. Unashuka kusini karibu kufika Marekani, unavuka nchi, kisha unapanda tena kaskazini kumfuata mtu ambaye alikuwa magharibi yako tangu mwanzo.

Hilo halikutokana na uzembe wa mtu. Nunavut haina barabara inayoiunganisha na Kanada nyingine, wala barabara kati ya mji wake mmoja na mwingine. Kila kinacholiwa, ukiacha kile ambacho watu huwinda na kuvua, huja kwa ndege, au kwa meli katika miezi michache ambayo barafu ya bahari imeyeyuka. Na kila kitu hicho hutoka kusini. Kwa hiyo njia za ndege zimening'inia kutoka kusini kama kamba kutoka kwenye boriti: Iqaluit na vijiji vya kisiwa cha Baffin vinaning'inia kwenye Ottawa, eneo la Kivalliq lenye Rankin Inlet linaning'inia Winnipeg, na Kitikmeot ya magharibi inaelekea Yellowknife na Edmonton. Wewe ni muuguzi, umeshaliona: mgonjwa aliyeshindikana Iqaluit hupelekwa Ottawa, wa Rankin Inlet hupelekwa Winnipeg, wa Cambridge Bay, huko Kitikmeot, hupelekwa Yellowknife. Ndege hufuata wagonjwa, chakula na mishahara. Kamba zinaning'inia wima. Za kupita ubavuni, kutoka mji wa kaskazini kwenda mji mwingine wa kaskazini, ni chache na nyembamba. Ndege ya kupitia Rankin Inlet inapokuwepo huwa ya siku chache za wiki, na ratiba hubadilika kila msimu.

Mimi jambo hili linanigusa. Iqaluit ina watu wapatao 7,400, Yellowknife wapatao 20,000, na kabla ya Nunavut kuundwa tarehe 1 Aprili 1999, miji yote miwili ilikuwa katika jimbo moja lililoongozwa kutoka Yellowknife. Zipo familia zilizogawanyika kati ya pande hizo mbili, na kwao kwenda msibani ni safari ya kupitia miji miwili ya kusini. Nikiwaza kuhusu njia za ndege zinazostahili kusaidiwa na serikali, hii ya ubavuni naiweka juu kabisa. Abiria wake hawatajaza jeti kila siku, lakini kila kiti ndani yake kinamwondolea mtu kilomita 3,700.

Kuna mtego wa saa. Iqaluit na Yellowknife zinapishana kwa saa mbili. Kwako kukiwa saa sita mchana, kwa mdogo wako ni saa nne asubuhi. Tiketi huandika saa ya kila uwanja kwa wakati wa pale pale. Tuseme umepata ndege ya moja kwa moja, unaondoka Iqaluit saa 4:00 asubuhi, kwenye tiketi 10:00, na safari ni ya muda wa saa tatu na nusu. Tiketi itaonyesha unafika 11:30, saa tano na nusu asubuhi ya Yellowknife, utadhani ni mwendo wa saa moja na nusu. Kurudi unaondoka 10:00 ya Yellowknife, upepo wa tezi unakusukuma, unatumia saa tatu kasoro dakika tano, na tiketi inaandika 14:55. Utadhani umeruka karibu saa tano. Hujaruka.

Na ukimwandikia mdogo wako, mwandikie kwa namba za tiketi, usiandike "nafika saa tatu". Kiswahili chetu kinatumia neno hilohilo kwa muda na kwa wakati, na pia tunaanza kuhesabu jua likichomoza, hesabu ambayo mwezi wa Juni huko kwenu haina pa kushika, kwa sababu jua linachomoza mapema mno alfajiri na kutua karibu na usiku wa manane. Nimewahi kumsubiri ndugu uwanjani tangu asubuhi, kumbe alimaanisha saa tatu usiku.

Sasa nikushauri jinsi ya kukata tiketi. Kabla ya kukubali ile ya Ottawa, piga simu moja kwa moja kwa shirika linaloruka kaskazini na uulize siku gani za wiki ndege ya kupitia Rankin Inlet ipo katika msimu unaotaka. Tovuti za kutafuta tiketi mara nyingi haziunganishi vipande vya mashirika madogo, basi zinakupa njia ya kusini kana kwamba hakuna nyingine. Ukiipata ya Rankin Inlet, panga likizo kuanzia siku ya ndege hiyo, si kinyume chake.

Ukilazimika kupita kusini, hakikisha vipande vyote vitatu viko kwenye tiketi moja. Ukinunua cha Iqaluit hadi Ottawa kwa shirika moja na cha mbele kwa jingine, kisha dhoruba ya theluji ikafunga Iqaluit kwa siku mbili, kile cha pili kimekufa na hakuna atakayekulipa. Na usikubali kuunganisha Ottawa kwa muda wa saa moja na nusu hata kama mfumo umekuruhusu. Lala Ottawa. Kitanda cha usiku mmoja ni rahisi kuliko tiketi mpya ya kwenda Edmonton.

Kuhusu likizo: kama unataka siku nne kamili na mdogo wako na unapita kusini, omba siku tisa za kalenda. Mbili za kwenda, nne za kukaa, mbili za kurudi, na moja ya akiba, ambayo uiweke mwishoni, kabla ya zamu yako ya kwanza. Kwenda ukichelewa, aliyeumia ni wewe na yeye. Kurudi ukichelewa, wodi imebaki na pengo. Kwa njia ya Rankin Inlet siku saba zinatosha, mradi ndege ya kurudi isiwe ya mwisho ya wiki hiyo. Kama una hiari ya msimu, Machi na Aprili napapendelea: mchana umeshakuwa mrefu, na Ziwa Great Slave bado limeganda, kwa hiyo ukitokea Edmonton utaliona lote jeupe chini yako dakika chache kabla ya kutua.